Nafasi Iliyoachwa Chini ya Alumini

Mwaka jana, mvua zilipokatika, nilianza kufyatua matofali ya kujengea kaburi la baba. Sikuwatangazia watu. Mimi si msemaji, na hata kuandika huku ninaandika polepole. Sentensi moja inaweza kunichukua muda wa chai kupoa. Lakini bibi nilimwambia, kwa sababu ndiye mama yake baba, na ndiye ambaye angenionyesha mahali alipozikwa.

Hapa kwetu Susuni, wilaya ya Tarime, kaburi lisilojengewa ni aibu ya watoto. Mvua inashusha udongo, majani yanaota, mbuzi wanapita juu, na mwisho mtu anapanda mahindi pale bila kujua anapalilia nani. Babu alijengewa kwa saruji, na msalaba juu. Wazee wa nyumba nyingine za boma letu nao wamejengewa. Kaburi la baba sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimeshafika umri wa kuoa, na nilijua siku nikipeleka washenga kwa watu, watauliza kwanza jinsi nilivyomtunza baba yangu aliyelala.

Mtu anaweza kushangaa: kijana mzima, halijui kaburi la baba yake? Ni kwa sababu sikukulia Susuni. Mama ni mtu wa Busawe, wilaya ya Serengeti. Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu anayekaa karibu na bwawa la Manchira aliomba mtoto wa kumsaidia kuchunga ng'ombe, nikapelekwa mimi. Nikasoma shule ya msingi huko mpaka darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea. Niliporudi Susuni nilikuwa kijana mwenye sauti nzito, mgeni katika nyumba yetu wenyewe, na mwenye haya ya kuuliza mambo ambayo kila mtu alionekana kuyajua.

Na kila kitu pale nyumbani kilinionyesha kwamba baba alikuwepo. Shamba la ulezi linaloshuka kuelekea mtoni linaitwa shamba la baba yangu. Kuna ng'ombe ambao ni ng'ombe wa baba yangu. Kando ya mlango wa bibi kuna kigoda cha miguu mitatu ambacho hakuna mtu anayekikalia, hata mgeni akija mnyonge namna gani. Shangazi zangu watatu, wote wameolewa mbali, wakija kutusalimia husema, "Tumekuja kwa kaka yetu." Jina lake ndilo ninaloandika baada ya jina langu. Kanisani, mwezi wa kuwaombea marehemu, nilipeleka jina hilo liombewe pamoja na mengine. Katekista alilitazama, akanitazama mimi, kisha akalisoma.

Sikuuliza amekufa lini wala kwa ugonjwa gani. Niliona ni swali la kumuumiza mama. Nikajipa jibu mwenyewe, nikaliamini.

Nilipomwambia bibi habari za kaburi, alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama mikononi.

"Kaburi la nani?"

"La baba."

Akaanza kupepeta tena. "Tukimaliza kuvuna tutazungumza, mura." Kwa Kikurya mura ni kijana.

Tukavuna, nikauliza tena. Akasema goti linamsumbua, hawezi kutembea mpaka huko. Nikauliza huko ni wapi. Akaniambia nimfukuzie kuku. Nilidhani ni uchungu wa mama kwa mwanawe, nikaona aibu kumsukuma. Nikaendelea kufyatua matofali, maana matofali hayaulizi.

Sehemu yangu ya kufyatulia iko chini, karibu na kijito, penye udongo mwekundu usio na kokoto. Unachimba, unamwagia maji, unakanyaga kwa miguu, unajaza kibao cha kufyatulia, unapindua, unatoa tofali. Kazi kubwa si kufyatua. Kazi ni uwanja wa kuanikia. Lazima pawe tambarare, pawe safi, na matofali yapangwe kwa mistari iliyobanana vizuri, yafunikwe na majani yasipasuke kwa jua. Kila mpita njia anakuhesabia ufundi wako kwa mistari ile. Mimi mistari yangu ilikuwa imenyooka, na ilikuwa fahari yangu pekee.

Jumamosi moja asubuhi akaja mdogo wangu wa kike. Yupo kidato cha tatu katika sekondari ya kata, na anaongea sehemu yake na yangu pia. Mkononi alikuwa na msumari na karatasi.

"Kaka, nipe matofali."

"Ya nini?"

"Ya kemia."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba Jumatatu anatakiwa asimame mbele ya darasa aeleze jinsi elementi zilivyopangwa kwenye jedwali, tangu mtu wa kwanza alipozipanga vizuri. Wenzake walikuwa wanajifunzia kwa visoda, vile vifuniko vya chupa. Yeye visoda hakuvipata, na kwa kusoma tu karatasi kitu hakimwingii kichwani mpaka akipange kwa mikono.

"Haya matofali yana kazi," nikasema.

"Najua. Si ya kaburi? Nitachora herufi kidogo tu. Babu hajui kusoma, hatalalamika."

Nilisikia akisema babu, nikadhani ulimi umeteleza. Nikamruhusu achukue ya jana, yaliyoanza kushika, ambayo unaweza kuyainua kwa mikono miwili bila kuyapinda.

Alianza kwa kuyapanga yote katika mstari mmoja mrefu, kama watoto asubuhi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kila tofali alilikwaruza herufi kwa msumari. Akasema elementi ni vitu vya msingi, vile ambavyo ukivigawa hupati kitu kingine ndani yake. Vitu vingine vyote duniani vimetengenezwa kwa kuchanganya hivyo. Na mstari ule ulitoka kwenye nyepesi kwenda kwenye nzito.

"Mpaka hapo ni rahisi," akasema. "Sasa tazama maajabu."

Haidrojeni akaiweka pembeni juu, peke yake, akasema hiyo ina mambo yake. Gesi za ukoo wa heliamu akaziacha, akasema huyo mtu wa kwanza alikuwa hazijui bado. Lithiamu akaiweka mwanzo wa mstari mpya, akahesabu zikafika saba. Iliyofuata hakuiweka mbele. Akarudi nayo nyuma, akaiweka chini ya lithiamu.

"Kwa nini umekata mstari?"

"Sikukata mimi. Tabia imejirudia. Hii ni sodiamu. Inafanana na lithiamu kama watoto wa mama mmoja. Zote ni metali laini, unakata kwa kisu. Ukizitia kwenye maji zinachemka kwa hasira, sodiamu inaweza hata kulipuka."

"Metali unakata kwa kisu?"

"Kama siagi. Halafu tunaendelea: magnesi inakaa chini ya mwenzake, alumini chini ya mwenzake, mpaka klorini. Zimetimia saba tena. Inayofuata ni potasiamu. Tabia yake?"

"Kisu na maji," nikasema.

"Umefaulu. Inarudi chini ya sodiamu."

Nikachuchumaa kutazama. Akaniambia ukisoma kwenda kulia, uzito unaongezeka; ukisoma kwenda chini, unakuta ukoo mmoja. Akaniambia pia kwamba siku hizi hawapangi kwa uzito, wanahesabu vipunje vilivyo katikati ya kila chembe, lakini mpangilio umetoka karibu uleule. Nikamuuliza klorini si ile dawa wanayotia kwenye maji ya bomba. Akasema ndiyo, na ukiivuta peke yake ni sumu. Kisha akasema chumvi ya kula ni sodiamu na klorini zilizoshikana.

"Yaani chumvi ni kitu cha kulipuka na sumu?"

"Na asubuhi umeitia kwenye mayai."

Nikajilamba midomo bila kutaka. Sikuwa nimesikia jambo la kutisha hivyo likisemwa kwa furaha hivyo.

Wakati huo alipita jirani yetu mmoja, mchimbaji aliyehamia huku kufuata dhahabu, amepanga chumba njia panda. Alikuwa na sururu begani. Akasimama, akatazama matofali yenye herufi.

"Mambo ya wasomi! Dhahabu mmeiweka wapi hapo?"

"Dhahabu iko chini sana, sijafika," mdogo wangu akamjibu.

"Na mimi niko chini sana na sijafika. Ukiiona nipigie." Akaondoka akicheka peke yake.

Mdogo wangu akaweka kalisi kando ya potasiamu, akasema kati yake na zinazofuata kuna kundi zima ambalo mwalimu amewaambia waliruke kwanza, wasichanganyikiwe. Akaruka. Akachukua tofali la aseniki. Lakini hakuliweka kando ya kalisi. Aliacha nafasi mbili tupu, moja chini ya alumini, nyingine chini ya silikoni, akaliweka aseniki mbele, chini ya fosforasi. Kisha mawili ya mwisho. Halafu akaenda kijitoni kunywa maji.

Nikabaki natazama zile nafasi mbili. Mimi ni mtu wa uwanja wa kuanikia. Nafasi mbili katikati ya mstari ni uvivu, ni jua linaloingia ubavuni na kupasua tofali. Nikainama, nikainua aseniki kwa mikono miwili, nikaisogeza mpaka chini ya alumini. Nikasogeza na mengine mawili. Mstari ukabanana vizuri.

Aliporudi alipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

"Kaka! Umefanya nini? Umeziba!"

"Palikuwa na pengo."

"Si pengo! Zile ni nafasi za watu!" Akashika kichwa. "Tazama ulichofanya. Aseniki ni sumu, ni ile ya kuulia panya. Umeiweka kwenye ukoo wa alumini. Alumini ni sufuria! Na huyu wa mwisho, bromini, ni ndugu wa klorini. Umempeleka kwa fosforasi, ndugu wa mbolea ya kupandia. Umeziba nafasi mbili tu, na kila aliyefuata yupo kwenye ukoo usio wake."

"Sasa pale alikuwa nani?"

"Hakuna aliyejua. Ndiyo maana yake." Akaanza kuyarudisha, anahema. Akaniambia aliyepanga zamani alikuwa Mrusi mmoja. Alipofika pale akaona elementi inayofuata, kwa zote anazozijua, ni aseniki. Akaona tabia yake ni ya ukoo wa fosforasi, haiwezi kukaa chini ya alumini hata kwa nguvu. Wengine wangeilazimisha. Yeye akaacha nafasi wazi, akasema: hapa kuna kitu, hamjakiona tu. Tena akakiandikia tabia zake. Kitakuwa metali, kitakuwa na uzito kiasi hiki, kitayeyuka kwa joto dogo.

"Alijuaje kitu ambacho hakuna mtu amekiona?"

"Kwa majirani. Aliye juu yake, walio pembeni yake, anayemfuata. Ukiwajua hao, unamjua."

"Na kilipatikana?"

"Kilipatikana yeye mwenyewe bado yupo hai. Kinaitwa galiamu. Ukikiweka kwenye kiganja kinayeyuka."

Nilitazama kiganja changu, chenye udongo. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, nikafundishwa kwamba kitu kinajulikana kwa kuonekana, kushikwa au kupimwa. Sasa naambiwa mtu alikaa kwenye kiti, akamweleza asiyekuwepo, na yule akaja akiwa vilevile.

"Mnagombania nini?"

Alikuwa bibi. Kelele zilimshusha mpaka kijitoni na goti lake lile lisiloweza kutembea. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba bila kututazama. Alikuwa anatazama chini.

"Bibi, kaka ameziba nafasi za watu," mdogo wangu akashtaki, akaanza kumweleza kwa Kikurya, na mahali pasipo na neno akaonyesha kitu. Hii sufuria. Hii mchanga wa mtoni. Hii mbolea. Hii sumu ya panya. Na hapa mtu ambaye hajaonekana, lakini mzee mmoja alimtunzia nafasi, akasema ukoo wake na tabia yake.

Bibi akaelekeza ncha ya fimbo yake kwenye nafasi iliyo chini ya alumini, haigusi udongo.

"Huyo mzee," akasema, "watu hawakumcheka?"

"Walimcheka, bibi."

"Hata mimi walinicheka." Akajishusha taratibu akakaa kwenye rundo la majani. "Mura, kaa chini. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na mtoto huyu amepapata kwenye matope."

Nikakaa. Nilidhani sasa atanionyesha kaburi. Nakumbuka hata niligeuza kichwa, kuona ni upande gani wa shamba atanyoosha mkono.

"Nilizaa wasichana," akaanza. "Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote wasichana. Wake wenzangu walikuwa na wavulana. Babu yenu alipofariki, wakaanza kutazama shamba langu. Nyumba ile haina mwana, wakasema, ni pengo, tusogee. Nikawaambia hapana. Hapa kuna mtu. Nikampa jina. Nikampa shamba, nikamwekea kigoda. Ng'ombe tuliopewa shangazi zako walipoolewa, nikawatoa, nikamwolea mke kutoka Busawe. Ndiye mama yako."

"Na baba alikuwa wapi wakati huo?" nikauliza.

Mdogo wangu aliacha kupanga matofali.

"Mura, nisikilize," bibi akasema. "Sikumzaa."

Nilisikia kijito. Nilisikia ng'ombe wa mtu ng'ambo. Maneno yale niliyaelewa moja moja, lakini yalikataa kukaa pamoja. Kama hakumzaa, nani alimzaa? Nikaanza hata kufikiri kwamba baba alikuwa mtoto wa kulelewa, kwamba kaburi lake liko kwa watu wengine na itabidi nisafiri.

"Nani alimzaa?" nikasema.

"Hakuna. Hajawahi kuzaliwa."

Mambo ya nyumba ntobhu nilikuwa nayajua. Nani Tarime hajui? Mwanamke asiye na mwana wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, watoto wanakuwa wa nyumba yake. Nilishasikia hata redioni wakibishana. Lakini niliyajua kama mtu anavyojua habari za radi, kwamba inapiga nyumba za wengine. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye udongo nilioukanyaga kwa miguu yangu kwa ajili ya kaburi, na aliyepaswa kulala ndani yake hakuwahi hata kulia mara moja duniani.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Umesikia?"

Alikuwa ameshika mdomo. "Kaka, nilidhani unajua."

"Wewe unajua?"

"Tangu darasa la pili. Watoto wa shule walinitania mpaka nikapigana."

"Na ulipokuwa unasikia nasema kaburi?"

"Nilidhani la babu."

"La babu lina saruji!"

"Nilidhani unataka kuongezea matofali pembeni, uweke na vigae."

Sikucheka. Sasa hivi naandika nacheka kidogo, lakini siku ile nilimwona kama adui. Nikamwambia bibi, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mkubwa, kwamba nimemwombea mtu huyo kanisani mbele ya watu wote. Bibi akasema anajua. Katekista alikuja kumuuliza afanye nini.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asome. Kuombewa hakujamdhuru mtu."

Kijiji kizima, basi. Nikapitisha kichwani nyuso za watu wote niliowahi kuwatajia jina la baba: mwenye duka, mwenyekiti, wazee wa boma. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshtuka. Waliitikia tu, "Eeh, mwana wa fulani," kama mtu aliyemfahamu vizuri. Hilo lilinishtua kuliko lote. Hawakuwa wananidanganya. Kwao alikuwepo kweli, mahali pake, na hawakuona kuna kitu cha kumwambia kijana.

"Kwa nini hukusema tu mimi ni mwana wa babu?" nikamuuliza. "Au mwanao wewe?"

Bibi akanyoosha fimbo kwenye matofali. "Si ndicho ulichofanya hapa mtoto akapiga kelele? Ukimtoa baba yako, wewe unapanda unakaa kwake. Shangazi zako utawaita dada? Mama yako atakuwa mke wa nani, wa marehemu babu yako? Na rika lako je? Kwetu rika la mtoto linafuata la baba yake, majina yanakwenda hivyo, ukifika mbele jina la babu wa babu yako linarudi. Ukiruka mmoja tu, wewe na watoto wako na wajukuu wako wote mnakaa kwenye jina lisilo lenu. Nani atawaoza?"

"Sumu ya panya kwenye ukoo wa sufuria," mdogo wangu akasema polepole.

"Sijui hayo ya sufuria. Lakini nafasi ya mtu haizibwi."

Ndipo swali likanitoka. Sijui lilitoka wapi; kama ningelifikiria nisingeliuliza.

"Yukoje?"

Bibi hakushangaa hata kidogo. Alijibu kama mtu anayeulizwa habari za mwanawe aliyeko safarini.

"Mrefu. Babu yako alikuwa mrefu, na kaka zangu wote ni warefu, atatoa wapi ufupi? Hasira anayo, shangazi zako wote watatu wanayo, lakini yeye anaimeza. Ng'ombe wanamfuata bila fimbo. Pombe anaonja, halewi. Akila hasemi. Akisalimiwa na wasichana anatazama miguu yake."

"Umeyajuaje hayo?"

"Yeye ni kati ya babu yako na wewe. Babu yako nilikaa naye. Wewe nakuona."

Mdogo wangu alinitazama kwa macho makubwa, na mimi nikamtazama. Mrusi wake na bibi yangu hawakuwahi kukutana.

Nikainuka nikaondoka bila kuaga, nikaenda kukaa nyuma ya zizi. Ninachotaka kusema ukweli ni hiki: nilidhani uzito utaniondoka. Mtu ambaye hajazaliwa hajafa, na asiyekufa haliliwi. Lakini nililia siku ile kuliko siku yoyote, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na baba asiye na sura, na sasa nilikuwa nimepewa sura yake yote, mpaka jinsi anavyokula, katika dakika ileile niliyonyang'anywa.

Mchana mama akarudi kutoka soko la Sirari na beseni la dagaa kichwani. Akanikuta pale pale. Akatazama macho yangu.

"Nani amekufa?"

"Baba," nikasema.

Akatua beseni. Akakunja kanga yake, akakaa kwenye jiwe la kunolea panga. "Umeambiwa," akasema.

Akaanza kusema mwenyewe, anatazama dagaa. Kwamba alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Kwamba alitoka Busawe na kanga mpya, anajua anaolewa kama wasichana wengine. Alipofika akaonyeshwa nyumba, jiko, shamba, na kigoda. Akauliza kama mume yuko machungani. Bibi akamwambia ukweli palepale mlangoni.

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa chini hivyohivyo ulivyokaa. Kisha nikakimbia. Nilifika kwetu miguu imevimba. Mjomba wako akanirudisha, ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini kwetu, nani atawatoa?"

Mjomba yule yule aliyenilea. Nilikuwa nimeshashtuka sana siku hiyo, lakini palikuwa bado na mahali pa kushtukia.

"Niliporudi bibi yako hakunipiga," mama akaendelea. "Alinipakulia ugali. Wenzangu walioolewa mwaka ule walikuwa na waume wa kuonekana, na alama za fimbo za kuonekana. Mimi nikakaa."

Akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akampuliza vumbi, akamrudisha.

"Aliyekuzaa yupo," akasema. "Unamjua kwa sura. Ukitaka jina, niulize, sitakuficha."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimetafuta baba miezi yote ile, na sasa mtu mwenye damu na miguu yupo, pengine hapa hapa Susuni, pengine nimeshamsalimia shikamoo njiani. Nikatafuta lile swali ndani yangu, sikulikuta. Nilikuwa nimempoteza baba mmoja asubuhi, sikuwa na nguvu ya kumpokea mwingine kabla jua halijazama.

"Si leo," nikasema.

"Si leo," mama akakubali.

Akainuka, akainua beseni, kisha hakuondoka. Akasimama nalo mikononi anatazama upande wa kijito.

"Na matofali?"

"Sijui. Hakuna wa kujengewa."

"Wanawake wote wa boma hili wamejengewa na waume zao," akasema. "Mmoja mmoja, mpaka yule mdogo wa mwisho, ana bati. Mimi niko kwenye ile nyumba ya udongo niliyoikuta siku ya kanga mpya. Sikuwahi kulalamika. Ningemlalamikia nani?"

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba ile kila siku, kuta zimeliwa na mvua, fito zinaonekana kama mbavu, nikishuka kwenda kumfyatulia matofali mume wake. Nikaona haya, lakini safari hii haikunifunga mdomo. Nikamuuliza kama anataka dirisha.

"Mawili," akasema.